Mzee Ameitwa Kuchanjwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Familia za Waswahili Uingereza

Maswali haya yametoka vikaoni, jikoni na kwenye simu za usiku. Wanaouliza ni wazee wetu wa Mombasa, Unguja, Tanga, Barawa na Bukavu wanaoishi hapa, na zaidi ni watoto wao. Kila vuli barua zinapoanza kudondoka mlangoni, maswali hurudi yale yale, ndiyo maana nimeona bora niyaandike mara moja.

Majibu yanafuata utaratibu wa England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana taratibu zao, zinazofanana na hizi lakini hazilingani kila mahali. Mimi si daktari. Ni mtoto wa mzee aliyeitwa, na ndiye ninayepewa barua nizisome. Kwa ugonjwa wa mtu mwenyewe, neno la mwisho ni la nesi au daktari wake.

## Barua yenyewe

Kwa nini mzee wangu ameitwa? Ana ugonjwa ambao hatujaambiwa?

Hana. Ameitwa kwa sababu ya umri wake, basi.

Swali hili naliweka la kwanza kwa sababu ndilo linalowanyima wazee usingizi. Kule tulikotoka, mtu ndiye anayeitafuta hospitali. Hospitali ikikutafuta wewe, kuna jambo. Bibi mmoja alikaa na barua siku nne chini ya mto, akiamini ni majibu ya kipimo cha kansa ambacho kwa kweli hakuwahi kupimwa. Alipokubali isomwe, ilikuwa inamwita kwenye sindano ya mafua.

Kinachofanyika ni kwamba kompyuta inapitia tarehe za kuzaliwa za wote waliosajiliwa, inawachagua waliofikia umri fulani au wenye maradhi fulani ya kudumu kama kisukari na pumu, na barua zinatoka kwa maelfu. Hakuna aliyekaa mezani akamfikiria babu yako peke yake.

Wazee wanaitwa kwa chanjo zipi?

Kuna tano, na huchanganywa sana. Ya kwanza ni ya mafua makali, ambayo wengi tunaiita flu. Hii ni ya kila mwaka kwa mwenye miaka 65 na zaidi, na kwa watu wazima kwa kawaida huanza Oktoba. Ya pili ni ya bakteria wa nimonia, pia kuanzia miaka 65, na kwa wazee wengi inatosha mara moja maishani. Ya tatu ni ya mkanda wa jeshi (shingles), sindano mbili. Ya nne ni ya virusi vya RSV, ambavyo kwa kijana ni mafua ya kawaida lakini kwa mzee vinaweza kuteremka mapafuni. Mpango wake ulianza 1 Septemba 2024 kwa waliotimiza miaka 75 na waliokuwa hawajafika 80. Umekuwapo ushauri wa kitaalamu kwamba wenye 80 na zaidi waingizwe, kwa hiyo aliyepita umri huo asijitoe mwenyewe, aulize kwa GP, yaani daktari wake wa mtaani.

Ya tano ni ya korona. Hapa umri umekuwa ukipandishwa. Vuli ya 2024 waliitwa wenye miaka 65 na zaidi, lakini mwaka 2025 wakaitwa wenye 75 na zaidi, pamoja na wakazi wa nyumba za kulelea wazee na watu ambao kinga yao ya mwili imedhoofika. Kama baba yako ana miaka 70 na alizoea kuitwa kila mwaka, kisha kimya, hajasahauliwa. Umri ndio uliobadilishwa.

Jirani ana miaka 71 ameitwa ya mkanda wa jeshi. Mama ana 68 hajaitwa. Kuna ubaguzi?

Nimeulizwa hivi kwa hasira, na naielewa hasira hiyo. Lakini ni hesabu tu. Tangu 1 Septemba 2023, anayetimiza miaka 65 anapewa chanjo hii. Waliokuwa wameshapita 65 siku hiyo wanasubiri mpaka watimize 70, na wenye 70 hadi 79 ambao hawajaipata wanaweza kuidai hata leo. Kwa hiyo kuna kundi la katikati lililobaki njia panda: wadogo zao wamepata, wakubwa zao wamepata, wao bado. Ambaye kinga yake imedhoofika sana, kwa mfano anayepata matibabu ya saratani, hawekwi kwenye foleni hii. Aulize mapema.

Mwaliko unakuja kwa njia gani?

Barua, meseji ya simu, ujumbe kwenye programu ya NHS (huduma ya afya ya taifa), au simu kutoka kwa GP. Wakati mwingine zote nne kwa chanjo moja, na mzee akadhani ameitwa mara nne. Na asipopata chochote haina maana kwamba hastahili. Akiwa na umri unaotakiwa anaweza kumwuliza GP wake, na kwa ya mafua, maduka mengi ya dawa yanachoma.

Ni lazima aende?

Si lazima. Tatizo limo kwenye neno tunalotumia. Wazee husema, "Nimeletewa wito." Na wito, kwa aliyelelewa kwetu, ni wa mahakama, wa polisi au wa mjumbe wa mtaa, na asiyeitika ana kesi. Barua hii ni mwaliko kama wa harusi. Unakwenda ukitaka, na ukipata udhuru unasema. Pensheni haiguswi, kibali cha kuishi nchini hakiguswi, na GP hamfukuzi mtu kwa kukataa chanjo.

Akikataa leo anaweza kubadili mawazo mwezi ujao. Ila itafaa apige simu aseme hataki, la sivyo wataendelea kumwandikia na kila barua itamtia hofu upya.

Nitajuaje kama meseji ni ya kweli au ya matapeli?

Chanjo za NHS ni bure. Meseji au simu yoyote inayotaka namba ya kadi ya benki, namba ya siri, nywila au malipo ya "kuthibitisha nafasi" ni ya wezi, hata kama ina nembo nzuri na inamtaja mzee kwa jina. Msibonyeze kiungo. Pigeni simu kwa GP kwa namba mliyokuwa nayo siku zote na muulize kama wamemwita. Kwa korona na mafua kuna pia namba 119, ambayo ni ya bure.

Baba ameandikwa amezaliwa 1 Januari, lakini si tarehe yake ya kweli. Itakuwaje?

Karibuni chamani. Nusu ya wazee wetu walizaliwa 1 Januari, na kila sikukuu ya mwaka mpya tunacheka kwamba keki haitatosha. Mtu alizaliwa mwaka wa njaa fulani au mvua ya masika fulani, karani akauliza tarehe, ikaandikwa ya kwanza.

Kwa chanjo, kinachohesabiwa ni umri wa karatasi. Babu anayejijua kuwa na miaka 77 lakini pasipoti inasema 73 hataitwa kwa chanjo inayoanzia 75 mpaka karatasi ifike huko. Nimewahi kuona pia kinyume chake, mama aliyeongezewa miaka utotoni ili aingizwe shule, anaitwa mapema na kuona aibu kuingia "na hao vikongwe". Hakuna hatari ya kiafya katika kuichomwa miaka miwili mitatu kabla. Ila msiende kubadilisha tarehe kwa GP peke yake ili mpate chanjo, kwa sababu kumbukumbu zisipofanana na pasipoti mtajitafutia kazi isiyo na mwisho.

Barua ni ya Kiingereza na mama hasomi Kiingereza. Kuna ya Kiswahili?

Barua kwa kawaida huja kwa Kiingereza. Mkalimani, hata hivyo, ni haki yake na ni bure. Mwambieni mtu wa mapokezi wakati wa kupanga miadi kwamba mgonjwa anahitaji mkalimani wa Kiswahili, na muombe muda mrefu zaidi. Mara nyingi mkalimani huwa kwenye simu. Jambo moja dogo linalosumbua: semeni Kiswahili cha wapi. Mzee wa Lubumbashi akiunganishwa na mkalimani wa Unguja wataelewana, lakini kwa jasho. Na wazee wa Barawa wanaozungumza Chimwiini, Kiswahili cha kwao, wasikubali kuandikwa "Msomali" tu, kwani wataletewa mkalimani wa Kisomali.

## Hofu, na mazungumzo ya nyumbani

"Mimi nilishachanjwa utotoni, kovu hili hapa." Nimjibu nini?

Anza kwa kuliangalia kovu, usikimbilie kubisha. Kovu hilo begani au mkononi lina historia. Wengi wa rika lake walipangwa mstari shuleni au chini ya mwembe, wakachanjwa ndui. Kampeni ile ya dunia nzima ilishika kasi kuanzia 1967, na mgonjwa wa mwisho wa ndui iliyoambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977, si mbali na Barawa walikotoka baadhi ya wazee tunaokaa nao hapa. Mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imetoweka duniani. Wengine kovu lao ni la chanjo ya kifua kikuu. Vyovyote iwavyo, mzee huyu ameshashiriki kumaliza ugonjwa mmoja. Si mjinga wa chanjo wa kufundishwa na mjukuu.

Ukishalisema hilo ndipo useme jingine: kila chanjo ina adui wake. Ya ndui haijui habari za mafua. Na virusi vya mafua hubadilika kila msimu, ndiyo maana sindano yake inarudiwa kila mwaka wakati ya nimonia, kwa wengi, inatosha mara moja.

Kuna kitu kingine cha lugha hapa. Kuchanja ni kukata. Tunachanja kuni, mganga anachanja chale. Chanjo ya ndui nayo ilikwaruza ngozi mpaka ikaacha alama. Kwa hiyo mzee akiuliza "watanichanja wapi?" huenda anawaza wembe. Mwambie ni sindano moja kwenye msuli wa juu ya mkono, na haiachi kovu.

Mama alikubali zote, nilipofika "mkanda wa jeshi" akasema, "Hiyo ruka." Kwa nini?

Kwa sababu ya miaka ya 1980 na 1990. Wakati ule UKIMWI ulipoingia majumbani, kijana akitokwa na mkanda wa jeshi watu walinong'ona, na mara nyingi mnong'ono ulikuja kuwa kweli, maana virusi vya UKIMWI hudhoofisha kinga na mkanda wa jeshi hupata mwanya. Jina likabaki na doa. Mwambie mama wa miaka 70 kwamba serikali inataka kumchoma sindano ya mkanda wa jeshi, naye anasikia kwamba serikali inamshuku.

Mama yangu mwenyewe alifanya hivyo hivyo. Sikumwelewa mpaka aliposema, akiangalia pembeni, "Mimi niliishi na baba yako peke yake." Nilikuwa nimekuja na kijitabu chenye picha za neva na virusi, nikakifunga.

Kilichosaidia ni kurudi kwenye tetekuwanga. Karibu kila mtu wa rika lake aliugua tetekuwanga utotoni, akapakwa alichopakwa, akapona. Virusi vyake havikutoka mwilini. Vililala kwenye neva, na vikilala miaka sitini vinaweza kuamka, kwa sababu uzee wenyewe hupunguza kinga. Vikiamka vinafuata neva moja, upande mmoja wa mwili, ndiyo maana malengelenge yanajipanga kama mkanda. Hakuna anayemwambukiza mwingine mkanda wa jeshi kwa njia ya zinaa. Umri peke yake unatosha kuuleta. Na upele si ndio ubaya wake mkubwa. Ubaya ni maumivu ya neva yanayoweza kubaki miezi baada ya ngozi kupona, hata shati likigusa mtu anaruka.

Mama alikubali wiki tatu baadaye, kwa masharti kwamba kwenye simu na dada zake iitwe "ile ya tetekuwanga". Nimekubali. Nanyi ikiwasaidia iiteni hivyo.

Ndugu wa nyumbani wanampigia simu wasimruhusu. Tufanyeje?

Hii ilifika kilele 2021. Hapa wazee walikuwa mstari wa mbele. Mtu wa kwanza kuchomwa chanjo ya korona ya Pfizer nje ya majaribio, 8 Desemba 2020 mjini Coventry, alikuwa Margaret Keenan, bibi wa miaka 90, na aliyemfuata alikuwa mzee wa miaka 81 anayeitwa William Shakespeare. Ndiyo, jina lake hilo hilo. Wakati barua zinawafikia wazazi wetu, Tanzania mwezi Januari Rais Magufuli alikuwa akisema hadharani kwamba chanjo hizo si za kuaminiwa. Miezi sita baadaye, 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Ikulu, Dar es Salaam, mbele ya kamera. Mzee aliyesikia "kataa" Januari na "njoo" Julai, zote kutoka Ikulu moja, ana haki ya kusitasita.

Simshauri mtu apambane na shangazi wa Morogoro kwenye kundi la WhatsApp. Huwezi kushinda. Kinachowezekana ni kumuuliza mzee faraghani yeye mwenyewe anaogopa nini hasa, kwani mara nyingi si lile lililoandikwa kwenye ujumbe uliosambazwa. Mmoja alikuwa anaogopa kwamba akiugua baada ya sindano hatasafirishwa kuzikwa kwao. Hilo hakuna video itakayolijibu.

Ndani yake kuna nguruwe?

Swali la haki na lina jibu. Chanjo ya zamani ya mkanda wa jeshi iliyotumika Uingereza kuanzia 2013, Zostavax, ilikuwa na jelatini ya nguruwe, na wapo Waislamu walioikataa kwa sababu hiyo. Inayotolewa sasa, Shingrix, haina. Kwa hiyo aliyekataa zamani kwa sababu ya dini aulize tena. Chanjo ya mafua ya kupuliza puani nayo ina jelatini ya nguruwe, lakini hiyo ni ya watoto. Wazee hupewa ya sindano, isiyo na jelatini. Ya RSV pia haina.

Akichomwa mchana wa Ramadhani, saumu inabatilika?

Chama cha madaktari Waislamu wa Uingereza kilitoa ushauri kwamba sindano ya chanjo ya korona haibatilishi saumu, kwa kuwa inaingia msulini na si chakula wala kinywaji, na wanazuoni wengi wako upande huo. Mwenye wasiwasi aombe miadi ya jioni au asubiri Shawwal. Mkanda wa jeshi na nimonia hazina haraka ya wiki mbili.

Mwaka jana alichomwa ya mafua akapata mafua wiki ile ile. Si ndiyo iliyomletea?

Sindano hiyo haina virusi hai, haiwezi kumtia mafua. Homa ndogo na uchovu wa siku moja mbili ni mwili unajibu. Kama alikohoa na kupiga chafya wiki nzima, alikuwa na virusi vingine, vuli imejaa virusi. Tena kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo anaweza hata kuwa amepata flu yenyewe kabla ya chanjo kufanya kazi. Ongezeni kwamba chanjo ya mafua haizuii kila mafua. Kazi yake kubwa kwa mzee ni kumpunguzia uwezekano wa kulazwa.

Naweza kumjibia? Yeye huwa anasema "amueni nyie."

Hapa nitasema wazi nisichopendezwa nacho. Tunawajibia sana wazee wetu. Barua ina jina la mama, lakini tunaifungua sisi, tunaamua sisi, kisha tunamwambia avae koti. Wengine wanaificha kwa sababu wao wenyewe hawaamini chanjo. Wengine wanampeleka bila kumwambia anakwenda wapi, anashtukia pamba yenye spiriti imeshagusa mkono.

Nesi atamuuliza yeye, na anapaswa kusikia jibu lake, si lako. "Amueni nyie" kwa wazee wetu mara nyingi ni adabu, au ni uchovu wa kuulizwa kwa haraka mlangoni. Keti naye baada ya chai. Msomee barua yote, hata sehemu zinazochosha. Mpe siku mbili. Mzee mmoja wa kikao chetu alikataa mara tatu mbele ya mwanawe daktari, kisha akaenda mwenyewe kwa basi, akachomwa, hakumwambia mtu mpaka tulipoona plasta.

Kama ni ugonjwa wa kusahau ndio unaomzuia kuamua, tazama swali la ugonjwa wa kusahau hapa chini.

## Siku ya sindano

Avae nini, aende na nini?

Nguo ambayo mkono unapandishika mpaka begani. Kina mama wa baibui wavae blauzi ya mikono mifupi ndani. Akitaka nesi wa kike na sehemu iliyofichika, aseme wakati wa kupanga miadi, kwani siku yenyewe huenda wakawa na ukumbi mmoja uliogawanywa kwa mapazia. Achukue orodha ya dawa zake, na kama ana kadi ya chanjo ya nyumbani aje nayo.

Ale kwanza, kama hajafunga. Wazee wengi huenda na njaa wakidhani ni kama kupimwa sukari, kisha kizunguzungu chao kinasingiziwa sindano.

Ana presha, kisukari na anameza dawa za kulainisha damu. Anaruhusiwa?

Presha na kisukari si vizuizi, na kisukari ni mojawapo ya sababu za kuitwa. Anayetumia warfarin au dawa za aina hiyo kwa kawaida anachomwa pia, mradi vipimo vyake viko sawa. Amwambie nesi kabla, ili atumie sindano nyembamba na kupabana vizuri mahali pale kwa dakika mbili. Anayepaswa kuahirisha ni mwenye homa kali siku hiyo. Aliyewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo aseme mapema, asingoje afike kwenye kiti.

Anaweza kuchomwa mbili siku moja?

Mafua na korona, ndiyo, mkono huu na huu. Mkanda wa jeshi pamoja na mafua, ndiyo. Ya RSV ndiyo inayotengwa: kwa wazee wanashauriwa isipangwe siku moja na ya mafua au ya korona, isipokuwa kama mzee ni wa shida kumrudisha tena.

Baada ya hapo atajisikiaje?

Mkono utauma, atachoka, labda kichwa. Siku moja hadi tatu. Ya mkanda wa jeshi ndiyo kali kuliko nyingine zote, na tusimfiche, kwa sababu akishtukizwa hatarudi kwa ya pili, na ya pili hutolewa baada ya miezi 6 hadi 12. Paracetamol inasaidia. Asikandwe mkono kwa maji ya moto na mafuta ya karafuu masaa ya mwanzo, hata kama jirani anasisitiza. Akivimba uso au kukosa pumzi, pigeni 999 ya dharura papo hapo. Kwa wasiwasi wa kawaida, pigeni 111 ya NHS.

## Hali zisizo za kila siku

Hawezi kutoka nyumbani.

Mwambieni GP kwamba ni mtu wa ndani, hawezi kutoka. Nesi wa jamii anaweza kumfuata nyumbani. Lakini lazima mseme, tena msisubiri barua, maana barua inamwambia aje.

Ana ugonjwa wa kusahau. Nani anakubali kwa niaba yake?

Kwanza watamjaribu yeye. Mtu anaweza kusahau jina la mjukuu na bado akaelewa sindano ni nini kwa dakika zile. Ikiwa kweli hawezi, sheria ya England ya 2005 kuhusu uwezo wa kuamua inataka uamuzi ufanywe kwa maslahi yake, na familia huulizwa angependa nini. Aliyepewa mamlaka rasmi ya kisheria juu ya afya yake anaweza kuamua. Kuwa mtoto wa kwanza wa kiume hakumpi mtu mamlaka hayo peke yake, na hili limevunja mikutano miwili ya familia ninayoijua.

Mama amekuja kututembelea kwa miezi sita. Anaweza kuchanjwa?

Anaweza kujisajili kwa GP, na kusajiliwa na kumwona GP ni bure hata kwa mgeni. Haimpasi kukataliwa kwa sababu ya viza, wala kwa kukosa hati ya anwani. Matibabu ya hospitali ni habari nyingine, hayo mgeni anaweza kudaiwa. Akishasajiliwa na umri wake unafaa, aulize chanjo za ratiba. Barua huenda isije kabla hajaondoka.

Alichanjwa korona kule, Janssen Dar es Salaam au Sinovac Zanzibar. Aanze upya?

Haanzi upya. Siku hizi anayeitwa hupewa dozi moja ya msimu, bila kujali alianza na ipi. Muhimu ni tarehe ya mwisho aliyochomwa, kwa kuwa kwa kawaida huachwa kama miezi sita.

Anakwenda Hija, au anarudi nyumbani kusalimia. Hizo chanjo zinahusiana na barua hii?

Hapana. Saudi Arabia inataka cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo aina ya ACWY, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika, na hiyo ya safari mnalipia wenyewe. Kila mwaka namwona mzee anatoa pesa yake kwa sindano ya Hija akitabasamu, na ile ya bure ya mafua imelala mezani.

Homa ya manjano ndiyo ya kuangalia. Ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa mwenye miaka 60 na zaidi hatari ya madhara makubwa ni kubwa kuliko kwa kijana. Uingereza haimpi mzee wa umri huo ila kama hatari ya safari yenyewe ni kubwa na haikwepeki. Tanzania inadai cheti kwa anayeingia kutoka nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya imo, kwa hiyo mzee anayepanga kukaa Mombasa kisha avuke kwenda Tanga alizungumze hilo na kliniki ya safari wiki kadhaa kabla. Barua rasmi ya kusamehewa kwa sababu ya afya ipo. Mwenye cheti cha zamani asikitupe, tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote.

Barua imekuja kwa jina la marehemu baba.

Hutokea, hasa aliyefariki akiwa safarini nyumbani na kuzikwa huko, kwa sababu hapa hakuna kumbukumbu iliyowafikia. Pigeni simu kwa GP wake, mtoe jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufariki. Huenda wakaomba nakala ya cheti cha kifo. Nilipopiga ya kwetu, dada wa mapokezi alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa pole, kisha kwa mazoea akauliza kama mzee angependelea asubuhi au mchana. Tulinyamaza sote wawili, halafu akaomba radhi na kulifunga faili.